Akikuambia "leo leo", mjibu kesho

Habari zenu wapendwa, hii nimekaa nayo moyoni muda mrefu naogopa kuiandika kwa sababu inamhusu na mdogo wangu, ila juzi mwenyewe kanambia dada andika tu, kuna mtu Jumamosi hii anaenda kwenye ukumbi kama ule.

Ukumbi wenyewe ulikuwa Sinza, mwaka 2019. Nilialikwa na mama mmoja tunasali wote, akasema ni semina ya ujasiriamali, bure, na chakula kipo. Mimi nilikuwa na kiduka changu cha vitenge na mchezo wetu ulikuwa umeniangukia mimi siku tatu nyuma, milioni moja na laki mbili, na yeye alijua vizuri maana ndo alikuwa mshika hela wetu. Sikuliwaza hilo kabisa siku ile.

Tumefika, muziki uko juu, vijana wamevaa suti, kila anayeingia anapigiwa makofi anaitwa "kiongozi". Jamani, mimi sijawahi kuitwa kiongozi popote. Wakapanda watu watatu wanne kutoa ushuhuda, huyu alikuwa anauza maji stendi sa hivi ana gari, yule alikuwa anatembelea magongo sa hivi anatembea. Halafu akaja msemaji mkuu, muziki ukashushwa, akauliza kwa sauti ya chini kabisa, nani hapa mtoto wake amewahi kurudishwa nyumbani kwa ajili ya ada? Mkono wangu ukapanda wenyewe. Mwanangu alikuwa amerudishwa wiki ileile, yupo nyumbani anaangalia wenzake wanapita na mabegi, nikaanza kulia pale pale na dada wa pembeni ambaye simjui akanishika bega. Ndo msemaji akasema, wale mnaotaka hali hiyo iishe leo simameni.

Sasa niambie wewe, na machozi yale, na mtoto yule, unabakije umekaa?

Bei ya kujiunga na biashara yao, ya kuuza bidhaa na kuingiza wengine, ilikuwa inapanda kesho yake, kwa hiyo kujiunga ni leo leo. Kijana mmoja akanibebea mkoba wangu tukavuka barabara mpaka kwa wakala. Yule wakala, binti mdogo tu, akaangalia kiasi akaniangalia mimi akasema, "Mama, huyu unayemtumia hela yote hii unamjua?" Nikamkasirikia, yani nilimjibu vibaya, nikamwambia fanya kazi yako. Mpaka leo nikipita pale namkumbuka. Mtu pekee mchana mzima aliyenipa nafasi ya kufikiri ndo niliyemuona adui.

Ndo kitu cha kwanza nataka ushike. Ukijikuta unamchukia mtu kwa sababu kakuuliza swali dogo la kawaida, simama hapohapo usitume hata mia. Uamuzi ukiwa wako kweli, swali haliuchubui.

Baadaye nimekuja kusoma habari za mtafiti mmoja wa Marekani, Solomon Asch, mwaka 1951 alikuwa anawaonesha watu mistari na kuwauliza upi unalingana na upi, kitu mtoto wa chekechea anakiona, ila kwenye kundi wote walikuwa wamepangwa kasoro mtu mmoja, na wale waliopangwa wanataja jibu la uongo makusudi. Karibu watu watatu kati ya wanne walilifuata kundi angalau mara moja. Mstari tu, hakuna hela hapo, hakuna ada, hakuna anayelia. Ila kilichonigusa zaidi ni kwamba akiwepo mwingine hata mmoja anayesema ukweli, yule mtu naye anapata nguvu ya kusema anachokiona, kulifuata kundi kunapungua sana. Nikasema kumbe, wakala alikuwa ndo yule mmoja wangu.

Na sio mambo ya mimi peke yangu. Wa umri wangu mnaikumbuka DECI, ule upatu mkubwa wa watu kuweka hela wakiahidiwa kurudishiwa zaidi, kabla serikali haijaisimamisha 2009, hela ilikuwa haiitwi hela, inaitwa mbegu, watu "wanapanda" wanasubiri "kuvuna". Neno la kanisani, neno ambalo moyo umeshaliamini tangu utotoni, likiwekwa kwenye hela unakuta mtu hapimi tena, anaamini. Kwa hiyo sikiliza maneno. Mtu anayetaka hela yako halafu hataki kuiita hela, muulize kwa nini.

Sasa sehemu inayoniuma. Miezi miwili baadaye nikamuingiza mdogo wangu. Alikuwa anatafuta mtoto mwaka wa sita, na moja ya bidhaa zetu tulifundishwa kusema "inasafisha kizazi". Nilienda kwake jioni, nikakaa naye jikoni anachambua mchele, nikamuuliza kuhusu hospitali mara ya mwisho walimwambia nini, nikamuacha aongee mpaka akalia, ndo nikatoa chupa. Nilijua ninachofanya. Nilifundishwa kwamba subiri aguse kidonda chake kwanza, na nikafanya hivyo kwa mtoto wa mama yangu, akatoa laki nne na nusu. Naandika hivi nikijua anasoma. Samahani tena mdogo wangu.

Kwa hiyo nasema kama mtu niliyewahi kukaa upande ule wa meza, usimtolee muuzaji kidonda chako. Akianza kukuuliza habari za wanao, ndoa, ugonjwa, kabla hajakuambia bei, anatafuta pa kushikia.

Nilitokaje? Mume wangu alinifokea, mjinga wewe umeibiwa, na kila akifoka nazidi kung'ang'ania, maana kukubali ni kukubali kwamba mimi mjinga. Aliyenitoa ni mama mkubwa, alikuja kutusalimia kutoka Kilosa, hakunicheka hata kidogo. Akachukua daftari la mwanangu akageuza ukurasa wa nyuma, akaniuliza, mwanangu, mwezi huu umeingiza shingapi? Elfu sitini na nne. Viingilio vya semina? Elfu arobaini. Nauli? Thelathini na sita. Na ule mzigo wa lazima kila mwezi? Laki na ishirini. Akaandika akajumlisha polepole akanisogezea daftari, hakusema neno, akaenda kuswali. Hasara elfu 132 kwa mwezi mmoja, na mimi nilikuwa najiita kiongozi. Kama una ndugu yako amenasa huko, usimfokee, mpe kalamu.

Sisemi hisia ni mbaya. Siku ile ukumbini tumbo langu lilikuwa limekaza toka nilipoona wanafunga milango muziki ulipoanza, hiyo nayo ilikuwa hisia, ila nilisikiliza ile yenye kelele.

Siku hizi kinga yangu ni moja kubwa, namwambia mtu ntakujibu kesho, na hela siitembezi. Mwenye kitu halali atasubiri. Wenzetu Umoja wa Ulaya wameiweka mpaka kwenye sheria, ukinunua kitu kwa intaneti au kwa muuzaji aliyekufuata mlangoni, kwa vitu vingi una siku 14 za kubadili mawazo na hudaiwi sababu. Yani sheria inajua kabisa kwamba mtu aliyeshikwa pabaya siku ya kwanza siye yule wa siku ya nne. Sisi tujipe hata usiku mmoja.

Mwaka jana nikapigiwa simu, mwanao kaanguka shuleni, kichwa kimepasuka, tuma laki mbili na nusu sasa hivi daktari hawezi kuanza. Mikono ilitetemeka nikaangusha mkasi. Kesho haipo hapo, lakini dakika mbili zipo. Nikakata, nikampigia mwalimu wake wa darasa, akaniambia mama mtoto huyu hapa anafanya mtihani wa hisabati. Namba ya mwalimu iandike leo, usingoje uwe unatetemeka.

Deni la mdogo wangu nimelipa mpaka imebaki elfu tisini. Anasema niache, yameisha, nimekataa. Tarehe 5 namtumia thelathini.