Ovajeti, ovabaiti: daktari alikuwa anasema nini?

SWALI: Daktari, shikamoo. Binti yangu ana miaka 12 na meno yake ya juu yamechomoza. Tulipoenda kwa mtaalamu wa kupanga meno nilitoka na karatasi iliyoandikwa hivi: “Daraja la Pili, ovajeti milimita 7, ovabaiti kubwa. Braketi juu na chini, elastiki, baadaye retena.” Mle ndani nilikuwa naitikia tu. Njiani mtoto akaniuliza anakwenda kufanywa nini, nikakosa la kumjibu. Nisaidie.
Mama Mwitikiaji

JIBU: Marahaba, mama. Usione haya, maneno hayo hata sisi tuliyakariri kwa ajili ya mitihani. Mkalishe binti dirishani penye mwanga, aume meno ya nyuma kama kawaida yake, kisha afunue midomo.

Mtazame kwanza kwa ubavuni. Ule mwachano kati ya meno ya mbele ya juu na ya chini, ukiupima kwa kulaza rula, ndio ovajeti. Kwa kawaida huwa milimita 2 au 3. Kwa milimita 7 za binti yako, penseli inakaribia kuenea humo. Ndiyo maana watoto wa namna hii wakianguka, meno ndiyo hutangulia kuumia.

Sasa mtazame usoni. Meno ya juu yameyafunika ya chini kwa kiasi gani? Hiyo ndiyo ovabaiti, na kipimo chake ni cha kusimama, juu kwenda chini. Theluthi moja hivi ni sawa. Kama ya chini hayaonekani kabisa, muulize kama yanamchoma kwenye kaakaa anapouma. Watu wengi huyachanganya maneno haya mawili, na nimewasikia hata wenzangu wakiyachanganya.

Daraja la Pili si alama ya mtihani! Mwaka 1899 Mmarekani Edward Angle aliyagawa mapangilio ya meno katika madaraja matatu kwa kutazama magego ya kwanza, yale yanayoota mtoto akiwa na miaka kama 6. Daraja la Pili maana yake gego la chini limekaa nyuma ya mahali pake. La Tatu ni kinyume chake.

Braketi ni vile vidude vinavyogundishwa kwenye jino, kimoja kimoja. Vyenyewe havisukumi kitu. Kazi inafanywa na waya unaopita katikati yake. Waya wa mwanzo mara nyingi ni wa nikeli na titani: ukiupinda ufuate meno yaliyokaa ovyo, wenyewe unang’ang’ania kurudi kwenye umbo lake, na katika kurudi unayavuta meno. Jino halikupigiliwa kwenye mfupa kama msumari, limeshikwa na nyuzi ndogondogo. Upande unaobanwa, mfupa unaliwa. Upande unaoachwa wazi, mfupa mpya unajengwa. Kazi hiyo haina haraka, ndiyo maana utaambiwa miezi 18 hadi 24. Usimwombe daktari akaze zaidi ili mmalize mapema. Nguvu ikizidi inaumiza mzizi.

Kuhusu elastiki, kuna mipira ya aina mbili. Vile vipete vya rangi anavyochagua mtoto vinashikilia waya tu. Kinachorekebisha ovajeti ni ile mipira anayoivalisha mwenyewe, kwa kawaida kutoka kwenye chonge la juu hadi gego la chini, na kuibadilisha kila siku kwa sababu inalegea. Hapo daktari hana ujanja, wala wewe. Asipoivaa, miezi inakwenda na meno yanabaki pale pale.

Retena, kifaa cha kuyashikilia meno yasirudi yalikotoka baada ya braketi kutolewa, imeandikwa mwisho, na karibu kila mzazi anaipita haraka. Mimi nilivaa braketi nikiwa na miaka 31, tayari ni daktari wa meno, wagonjwa wakinicheka. Zilipotolewa nikapewa retena ya kuvaa na kuvua. Siku moja nikiwa ugenini niliifunga kwenye karatasi ya kufutia mikono, nikaiweka kando ya sahani. Sahani zikaondolewa, na karatasi ikaenda nazo. Nikasema nitatengenezesha nyingine wiki ijayo, na wiki ikazaa wiki. Nilipokwenda hatimaye, jino moja la chini lilikuwa limeshageuka ubavu. Lipo hivyo hadi leo, na ulimi hauachi kulipapasa.

Zile nyuzi zinazoshika jino huchukua miezi mingi kuzoea mahali papya, na meno yenyewe huhama taratibu kadiri umri unavyokwenda, hata kwa mtu ambaye hakuwahi kutibiwa. Kwa hiyo muulize daktari sasa hivi, kabla ya kuanza: retena itakuwa ya kuvua au ule uzi wa chuma unaogundishwa nyuma ya meno? Atavaa kwa muda wa saa ngapi kwa siku, na hadi lini? Ikipotea, nani analipia nyingine?

SWALI: Daktari, zile plastiki za kupangia meno zinazoonekana kama kioo zinafanya kazi kweli, au ni urembo?
Kijana wa Ofisini

JIBU: Zinafanya kazi. Zinaitwa alaina, unavaa moja kwa wiki moja au mbili, kisha inayofuata, na kila moja inalisogeza jino kidogo sana. Usishangae ukigundishiwa na vinundu vya rangi ya jino ili plastiki ipate pa kushika. Lakini zinataka saa 20 hadi 22 kwa siku. Kama wewe ni mtu wa kuivua kabla ya kikao na kuikumbuka usiku, chukua braketi.