Mwanangu, krimu ya hospitali usiitupe

Mwanangu kipenzi,

Ujumbe wako nimeusoma na picha za viwiko nimeziona, pole sana mama, najua huko kuwashwa kwa usiku kunavyomtesa mtu. Umesema pumu ya ngozi imerudi tangu uhamie Dodoma, na mwenzio wa kazini kakwambia uachane na krimu za hospitali utumie mwarobaini na alovera tu kwa sababu ni vya asili havina madhara, tena kakuletea na kopo la dawa ya mitishamba eti linaponya moja kwa moja. Unaniuliza mimi naonaje.

Naona hivi, mimea tumia, krimu baki nayo, na hilo kopo usiliguse.

Nianze na mafuta ya nazi maana ndo ninayoyaamini kuliko yote. Ngozi yako tangu unazaliwa haishiki maji, inakauka inapasuka, alafu vumbi na jasho vikiingia kwenye hizo nyufa ndo inaanza kuwasha, na hapo Dodoma na ule upepo mkavu wa mwezi wa sita wa saba mbona lazima irudi. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuziba ngozi. Kule Ufilipino mwaka 2014 walitoa utafiti wa watoto 117 wenye pumu ya ngozi, wengine walipakwa mafuta ya nazi yasiyopitishwa kwenye madawa, wengine mafuta ya madini yanayotokana na petroli, wiki 8, na wa nazi ngozi zao zikawa nzuri zaidi. Ila yawe mafuta matupu, yale ya kukuna nazi ukachuja tui ukachemsha taratibu mpaka mafuta yakajitenga, sio ya dukani yaliyotiwa marashi, marashi ni adui yako. Oga maji ya uvuguvugu haraka haraka, jipanguse kwa kugusagusa tu, alafu paka hapo hapo ngozi ikiwa bado na unyevu, ukisubiri mpaka umeshavaa na kuchana nywele umeshachelewa.

Alovera nayo nzuri kwa kutuliza, inapoza ule moto, ila watu wengi wanakata jani na kujisugua nalo lilivyo na hapo ndo wanaungua. Ukilikata utaona linatoa utomvu wa njano mchungu, ule ndo unaowasha ngozi. Lisimamishe kwenye bakuli upande uliokatwa uwe chini, uache uchuruzike wote, ulioshe, umenye ganda lote la kijani lisibaki hata kidogo, utumie ile nyama ya ndani inayong'aa kama kioo. Paka sehemu ndogo kwanza, ndani ya mkono chini ya kiwiko, mara mbili kwa siku, siku kadhaa, usione uvivu. Ngozi yako inaweza kukataa kitu ambacho ngozi ya mwenzio imekipokea vizuri tu. Na usipake palipochubuka.

Mwarobaini sikukatazi. Majani yachemshe, maji yapoe kabisa, uchovye kitambaa safi uweke pale panapotoa majimaji, yanasaidia kukausha. Lakini ukiogea kila siku mwili mzima yatakukausha hata pasipotakiwa, ndo maana nasema kwa kiasi na ukimaliza upake mafuta. Kunywa usinywe, hasa nyie mnaotafuta mtoto, na mafuta ya mwarobaini yaweke mbali na watoto wa dada yako, kuna watoto wamewahi kuyanywa wakapata degedege, hiyo sio hadithi. Ndimu na kitunguu saumu usithubutu, kitunguu kinaunguza, na ndimu ukiipaka ukatoka juani inakutoa malengelenge na madoa meusi yasiyoisha leo wala kesho.

Sasa hiyo krimu. Najua umesikia steroidi, ile dawa ya kupoza uvimbe na mwasho iliyomo ndani yake, zinaharibu ngozi, na kweli zinaharibu ukizipaka ovyo miezi na miezi kama wanaopaka mkorogo. Lakini uliyoandikiwa na daktari ni ya kupaka kidogo pale palipochachamaa, kwa siku alizokwambia, ipoe uache, uendelee na mafuta yako. Mmea hauwezi kuzima moto uliokwisha kuwaka hivyo, unasaidia usiwake tena haraka. Miaka yangu yote ya unesi nimewapokea watu waliotupa krimu wakakaa na majani mpaka ngozi ikafanya gamba la njano, usaha na homa juu, wakaishia kuchomwa sindano. Ukiona dalili hizo, au vijilengelenge vingi pamoja vinauma, usinipigie mimi kwanza, nenda hospitali. Na hapo hospitali ya mkoa uulizie mtaalamu wa ngozi, kuna waliosomea pale KCMC, ile hospitali kubwa ya rufaa ya Moshi, kile kituo cha mafunzo ya ngozi kipo tangu 1992.

Kuhusu kopo ndo napata hasira kabisa. Mwaka 2003 madaktari wa Birmingham kule Uingereza walipima krimu 24 za mitishamba walizokuwa wanapakwa watoto wenye ugonjwa kama wako, 20 zikakutwa na steroidi ndani, tena nyingine kali, na wazazi hawajui wanadhani ni majani. Ndo maana inaponya siku mbili tatu mtu anashangilia, ukiacha inarudi mara mbili, ngozi inakuwa nyembamba inatoka michirizi. Mtu anakutoa kwenye dawa ya daktari iliyoandikwa kipimo, alafu anakuuzia ile ile isiyo na kipimo! Yaani wanacheza na mateso ya watu na mimi hilo siwezi kulinyamazia.

Mafuta ya nazi nimeshayachemsha, kesho nakupelekea mzigo kwenye basi la Dodoma, nitakupigia nikupe namba ya gari. Hilo kopo lipige picha mbele na nyuma, maandishi yote yaonekane, unitumie leo leo, na mwambie mwenzio kama na yeye anapaka lake asiache ghafla, aende nalo hospitali wamuone.

Mama yako