Wiki 10 za mafunzo tarajali kwenye kampuni ya utafiti wa uzee: uchague mradi gani

Umeandika kwamba umepata nafasi ya wiki 10 wakati wa likizo kwenye kampuni inayotafuta dawa za kuchelewesha uzee. Wamekupa uchague: panya, minyoo, au data za methilesheni (alama za kemikali kwenye DNA zinazobadilika na umri). Chukua minyoo. Kama mikono yako haipendi hadubini, chukua data. Panya waache.

Panya wa maabara huishi karibu miaka 2 na nusu. Hata dawa ya rapamycin, iliyotangazwa mwaka 2009 kuwa inarefusha maisha ya panya kwenye mpango wa majaribio wa NIA, taasisi ya utafiti wa uzee ya Marekani, ilianza kutolewa panya wakiwa na siku 600. Ndani ya wiki 10 utapima uzito na kubadilisha matandiko ya vizimba. Kazi hiyo ina heshima yake, lakini hutaona jibu la swali lako.

Mnyoo C. elegans kwa nyuzi 20 za Selsiasi huishi wiki 2 hadi 3, wachache hufika siku 30. Kwa hiyo unaweza kurudia jaribio, na jaribio ambalo halijarudiwa kampuni makini hailiamini. Wiki ya kwanza jifunze kuhamisha minyoo kwa waya wa platinamu bila kuwachoma wala kuchana agari, jeli wanayokaa juu yake. Anza duru ya kwanza wiki ya 2 na ya pili wiki ya 4. Usisubiri ya kwanza iishe, muda utakukimbia.

Kupata minyoo wa rika moja, weka wakubwa 10 hadi 15 kwenye sahani watage kwa saa 3, kisha waondoe. Siku ya tatu watoto wao watakuwa wakubwa. Tenga minyoo 100 kwa kila kundi, 20 kwa kila sahani ya sentimita 6 yenye bakteria wa OP50, chakula chao. Makundi 4 yanatosha. Hao ni minyoo 400 wa kugusa mmoja mmoja, Jumapili ikiwemo, basi panga mapema nani atakushikia zamu.

Wanapotaga, wahamishe kila siku, la sivyo hutajua nani mzazi nani mtoto. Wengi hutumia FUDR, kemikali inayozuia kutengenezwa kwa DNA, kwa kawaida mikromola 50, ili mayai yasianguliwe. Inaokoa muda, ila kwa baadhi ya nasaba hubadilisha urefu wa maisha wenyewe. Kama ratiba inaruhusu, mimi ningehamisha kwa mkono.

Kifo kinahesabiwa hivi: mguse kichwani na mkiani, asipotikisika kabisa, amekufa. Wazee husogeza ncha ya kichwa tu, kwa hiyo tulia uangalie. Aliyepanda ukuta wa sahani akakauka, aliyepasuka, au ambaye mayai yameanguliwa tumboni mwake, usimwandike amekufa kwa uzee wala usimfute. Andika siku aliyotoka kwenye hesabu. Mchoro wa Kaplan-Meier (unaoonyesha sehemu ya walio hai kila siku) na jaribio la log-rank (linalolinganisha michoro hiyo) vinajua kumtumia hadi siku hiyo. Kumfuta kimyakimya ndiko kunakozaa dawa za uongo.

Mitego mikubwa iko kwenye kundi la ulinganisho, yaani wasiopewa dawa. Dawa ikiyeyushwa kwa DMSO, kiyeyushi cha kawaida cha maabara, weka kiasi kilekile cha DMSO pande zote mbili, maana DMSO yenyewe inaweza kurefusha maisha. Sahani zote zikae rafu moja, na kipimajoto kiwe ndani ya inkubeta, kwa sababu kwa nyuzi 25 wanakufa mapema. Mwenzako abandike namba za siri kwenye sahani ili usijue ipi ina dawa. Kisha jiulize: je, minyoo wanakula? Dawa chungu huwafanya wale kidogo, na kula kidogo peke yake hurefusha maisha. Metformin, dawa ya kisukari, kwa minyoo ilionekana kufanya kazi kwa kiasi fulani kupitia bakteria wanaowala, si ndani ya mnyoo tu. Jaribu tena kwa bakteria waliouawa kabla hujashangilia.

Ongeza nasaba ya daf-16, minyoo ambao jeni ya jina hilo imeharibika, ambayo huishi muda mfupi kidogo. Hesabu zako zisipoiona tofauti hiyo, hazitaiona dawa pia. Nasaba ya daf-2, yenye jeni nyingine iliyobadilika, ambayo mwaka 1993 maabara ya Cynthia Kenyon ilionyesha huishi takriban mara mbili, inavutia zaidi lakini itakula likizo yako yote.

Ukichagua data, fahamu kwamba saa ya Horvath ya 2013, hesabu inayokadiria umri kwa methilesheni, inasoma sehemu 353 za DNA, na chipu mpya (vibao vya kupimia methilesheni) zimeacha baadhi ya sehemu hizo. Sampuli ileile ikipimwa mara mbili inaweza kutofautiana kwa miaka kadhaa. Kama wazee wote walipimwa kwenye chipu moja na vijana kwenye nyingine, umepima chipu. Angalia pia mchanganyiko wa seli za damu, kwa kuwa hubadilika na umri.

Kabla ya kusaini mkataba wa usiri, uliza kwa maandishi kama utaruhusiwa kuonyesha michoro yako chuoni. Wakikataa jina la dawa litajwe, omba uitaje kwa herufi, na data za kundi la ulinganisho na za daf-16 ziwe zako kuzionyesha.