Kuzunguka Pemba kwa tanga mwezi wa Oktoba

Ndugu yangu uliyeuliza kama wewe na mkeo mnaweza kuzunguka visiwa vya Pemba kwa mashua ya tanga mwezi wa Oktoba, mnaweza, kwa kuwa upepo wa kusi huwa umepungua na kaskazi haijaanza, ijapokuwa mvua za vuli huenda zikawalowesha. Shikeni upande wa magharibi, kwenye visiwa vidogo vya Misali na Fundo. Linalohitaji hadhari ni nanga: wakati wa bamvu, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hupwa na kujaa kwa takriban mita 4, na sisi, mimi na mume wangu, tulitia nanga alasiri kwenye maji ya kifuani, tukapwelewa kabla ya isha, birika la chai likiteleza sakafuni kwa jinsi mashua ilivyolala ubavu.