Barua kwa Mwanangu: Kulitafuta Neno kwa Herufi Zake

Mkomani, Lamu

Mwanangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Sote hapa nyumbani ni wazima, na mamako anakusalimu sana. Katika barua yako umeniuliza jambo ambalo nimelifurahia kuliko unavyodhani. Umesema kwamba jioni mnapocheza Scrabble, ule mchezo wa kuunda maneno ubaoni kwa vibao vya herufi, na wenzako wa kazini huko Mombasa, wao huyaona maneno ya Kiingereza upesi, ilhali wewe hubaki umeishika Q isiyo na U ya kuifuata mpaka mchezo unakwisha. Ukauliza neno lenye herufi fulani hutafutwaje, na kama ni haki kuziingiza herufi hizo katika simu ili ikutafutie.

Kiingereza chako hakina kasoro. Ulikisoma kwa ajili ya kusema na kuandika, na kwa hiyo maneno yamekaa akilini mwako kwa kufuata maana, ambapo mchezo huu unakudai uyapange upya kwa kufuata herufi. Ushahidi mkubwa wa jambo hili ni Nigel Richards wa New Zealand, ambaye mwaka 2015 alitwaa ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa bila kuweza kuzungumza Kifaransa, kwa kuwa alikuwa ameihifadhi orodha ya maneno yao kama maumbo matupu ya herufi. Sitaki ufike huko, lakini ujue kwamba hii ni kazi ya kumbukumbu iliyopangwa vizuri, na kumbukumbu hufundishika.

Anza na herufi nzito. Alfred Butts, msanifu majengo wa Marekani aliyeubuni mchezo huu katika miaka ya 1930, alihesabu herufi katika kurasa za magazeti ili ajue ipi hutumika sana na ipi hutumika kwa nadra. Ndiyo sababu katika vibao 100 vya seti ya Kiingereza E ziko 12, na Q, Z, J na X ziko moja moja tu. Q na Z zina pointi 10, J na X zina 8. Maneno mafupi yanayozibeba ni machache, nayo ndiyo yatakayokuokoa. Kwa Q isiyo na U hifadhi QI kwanza, kisha QAT, QADI, QAID, SUQ, FAQIR, TALAQ na QANAT. Mtoto wa Lamu hawezi kuyasahau haya, kwani miraa, kadhi na talaka ni mambo anayoyasikia tangu utotoni, na hapa yameandikwa kwa herufi za Kiingereza tu. Kwa X kuna AX, EX, OX, XI na XU. Kwa J kuna JO. Kwa Z kuna ZA. Usiyadharau kwa ufupi wake: Q ikikaa juu ya kisanduku kinachozidisha herufi mara 3, ukaandika QI kulala na QI kusimama kwa pamoja, umepata pointi 62. V haina neno lolote la herufi 2, basi usijichoshe kulitafuta.

Baada ya hapo jifunze kuzisogeza herufi mkononi. Tenga kando viambishi unavyovijua, yaani RE, UN na OUT za mwanzoni, ING, ED, ER na IER za mwishoni, kisha uyatazame masalio. Wachezaji hodari huhifadhi pia mashina ya herufi 6 yanayopokea herufi ya saba kwa wepesi, kwa sababu anayemaliza vibao vyote 7 kwa mkupuo huongezewa pointi 50. Chukua herufi za SATIRE: ukipata N una NASTIER na RETAINS, ukipata P una PIRATES na PARTIES, ukipata D una TIRADES, ukipata L una REALIST, ukipata W una WAITERS. Shina moja kama hilo, ukilijua barabara, ni sawa na ufunguo unaofungua milango mingi ya nyumba moja. Litazame vilevile neno lililokwisha wekwa ubaoni, kwani RAIN hupokea herufi mbele yake ikawa TRAIN, BRAIN, DRAIN au GRAIN.

Sasa kuhusu simu. Programu hizo hujibu maswali mawili tofauti, na wengi huyachanganya. Swali la kwanza ni maneno gani yanaundwa kutokana na herufi nilizo nazo tu. Swali la pili ni maneno gani yana herufi hizi ndani yake, pamoja na nyingine zozote. La pili ndilo linalofaa kwa Wordle, ambamo unatafuta neno la herufi 5 huku baadhi yake zimekwisha kujulikana. Uangalie pia programu inatumia orodha ipi, maana Marekani na Kanada zina orodha yao, na sehemu kubwa ya dunia iliyobaki hufuata ya Collins, wachapishaji wa kamusi, ambayo ni pana zaidi. Neno kama ZO limo katika hii ya pili tu.

Haki yake ni hii, mwanangu: mchezo unapoendelea, mkono usiguse simu, hata kama mwenzako anafanya hivyo, kwa sababu neno uliloletewa namna hiyo hulikumbuki kesho na ushindi wake si wako. Mchezo ukiisha, andika herufi zilizokushinda, jaribu mwenyewe kwa karatasi, ndipo uiulize programu. Hapo itakuwa mwalimu mwema kabisa, nami mwenyewe huitumia hivyo kila wiki.

Wiki hii shughulika na maneno ya Q na yale ya herufi 2 peke yake. Ukiyamudu, niandikie herufi 7 zilizokutesa zaidi, nami nitakurudishia maneno yake pamoja na njia niliyoyapatia.

Ni mimi babako