Barua kwa mwanangu: kuhusu bosi wako na yule Bi Salha

Mwanangu,

Barua yako imefika, na hadithi uliyoiambatanisha nayo pia. Nimeisoma yote kwa macho yangu mwenyewe, bila kumwomba mtu anisomee. Tangu nitolewe mtoto wa jicho upande wa kulia, herufi zimerudi kuwa herufi. La kushoto litafuata. Daktari anataka hili la kwanza litulie kabla ya kuligusa lingine. Mama yako hajambo, isipokuwa goti, ambalo anashikilia kwamba si goti bali ni viatu. Mdogo wako amepata leseni ya udereva na tunamwombea, yeye pamoja na wote anaopishana nao barabarani. Paka amezaa tena ndani ya kabati la nguo. Basi, ya nyumbani ndiyo hayo.

Kuhusu kazi mpya, hongera kwa mara ya pili, maana ya kwanza nilikupa kwenye simu ukiwa unakimbilia kikao. Mkataba wa kudumu baada ya muda wa majaribio, bima ya afya, na Jumamosi zako umerudishiwa. Mtu akipata matatu hayo kwa mpigo, haifai aanze kutafuta kasoro. Wewe umeitafuta na umeipata: unasema kazi ya zamani ilikulipa kiduchu lakini ilikuachia akili ya kuandika, na hii inakufuata mpaka kitandani. Nitalifikia hilo. Kwanza nikujibu ulichoniuliza, kwa sababu najua ndicho kilichokukalisha ukaandika barua nzima badala ya ujumbe wa simu.

Umeuliza hivi: "Baba, nimemweka bosi wangu kwenye hadithi. Jina nimebadilisha, kazi nimebadilisha, lakini mimi najua ni yeye. Je, nimemkosea? Nimfute?"

Usimfute. Ila hujamaliza kumwandika, na kukosea kwako, kama kupo, kunatokana na hapo.

Bosi wako sijawahi kumtia machoni, lakini nilimtambua kabla sijafika nusu ya ukurasa wa kwanza. Ulishanisimulia anavyogonga meno kwa kifuniko cha kalamu akisubiri mtu amalize kuongea, na anavyotanguliza "tuelewane" kwenye kila agizo. Nafungua hadithi, namkuta Bi Salha anagonga meno kwa kifuniko cha kalamu. Nafungua ukurasa wa pili, "tuelewane" zimejaa. Umemtoa kwenye uhasibu ukamfanya mkuu wa hospitali, umempunguza kimo, umempa miwani, halafu kalamu ukamwachia! Kama mimi nimemjua kwa kusimuliwa, mwenzako wa meza ya pili atamjua kwa mlio.

Unajua mkate wangu niliupatia mahakamani, nikiandika maneno ya watu. Kesi za kashfa, yaani za mtu kuchafuliwa jina, hazikuwa nyingi, lakini mawakili wakizipata walipenda kurudi kwenye mifano ya Uingereza, na kuna miwili haijanitoka kichwani.

Wa kwanza ni wa gazeti lililochapisha, mwaka 1908, makala ya kuchekesha kuhusu mtu aitwaye Artemus Jones, mzee wa kanisa mwenye heshima zake, ambaye ameonekana Dieppe, Ufaransa, akijistarehesha na mwanamke asiye mkewe. Gazeti lilisema jina ni la kubuni. Kumbe Artemus Jones yupo, mzima wa afya, tena ni wakili, tena aliwahi kuliandikia gazeti hilohilo. Watu waliomfahamu wakasoma wakaamini ndiye. Akashtaki, akashinda, gazeti likakata rufaa hadi ngazi ya juu kabisa, na huko likabwagwa tena na ile fidia yake ya pauni 1,750 ikabaki palepale. Mahakama haikujali mwandishi alimkusudia nani. Ilijali msomaji mwenye akili timamu alimwelewa nani.

Wa pili ni wa filamu. Mwaka 1932 kampuni ya Metro-Goldwyn-Mayer ilitoa filamu juu ya Rasputin, yule mtu wa dini aliyekuwa na sauti kubwa kwa wafalme wa Urusi, na ndani yake mlikuwa na mwanamke wa ukoo huo wa kifalme aitwaye Natasha aliyeangukia mikononi mwa huyo Rasputin. Irina Yusupov, ambaye mumewe alikuwa miongoni mwa waliomuua Rasputin mwaka 1916, alikwenda mahakamani London akisema kila atakayeitazama atajua Natasha ni yeye. Jina si lake, lakini mwaka 1934 alipewa pauni 25,000. Filamu yenyewe ilikuwa imejichongea, maana ilifunguliwa kwa maneno kwamba baadhi ya wahusika wake bado wako hai. Kile kitangazo unachokiona siku hizi, cha kwamba wahusika wote ni wa kubuni na wakifanana na mtu ni bahati tu, chanzo chake hutajwa kuwa kesi hii.

Sikutishi. Sheria za nchi hazifanani, na hadithi yako fupi haitakufikisha huko. Nataka tu uone kwamba wewe umehangaika na jina, na jina ndilo jambo dogo kuliko yote.

Kuna kisa kingine, hiki hakikufika mahakamani, nacho kinakuhusu zaidi. Charles Dickens, mwandishi wa Uingereza, alikuwa akitoa riwaya yake ya *David Copperfield* kwa mafungu ya kila mwezi, kati ya 1849 na 1850. Katikati alimleta mwanamke mfupi sana wa kimo, Miss Mowcher, anayezunguka nyumba za wakubwa akiwatengeneza nywele na kubeba maneno ya huku kuyapeleka kule. Jirani yake mmoja, Jane Seymour Hill, mfupi wa kimo vilevile na kazi yake kutunza miguu na kucha za watu, akajiona pale. Alimwandikia Dickens kwamba amemuumiza. Dickens hakukana moja kwa moja. Alikiri kwamba kwa sehemu alikuwa akimfikiria yeye. Na kwa kuwa riwaya ilikuwa bado inaendelea kutoka, akambadilisha: Miss Mowcher aliporudi tena alikuwa mtu mwenye utu, mwenye kuumizwa na mambo, na mwenye akili kuliko waliokuwa wakimcheka.

Angalia alichobadilisha. Kimo kilibaki, kazi ilibaki, jina lilibaki. Aliongeza tu kile ambacho mara ya kwanza hakukitafuta.

Sasa turudi kwa Bi Salha. Nanukuu ukurasa wako:

"Bi Salha aliingia na ofisi nzima ikanyamaza. 'Tuelewane,' alisema, akigonga meno kwa kifuniko cha kalamu. 'Ripoti naitaka leo.' Asha alihisi miguu ikimtetemeka."

Hapo nimemwona Asha. Bi Salha sijamwona. Nimeona tu anavyoonekana kutoka kwenye kiti cha mtu anayemwogopa. Kwa nini aitake leo? Nani atamuuliza yeye kesho asubuhi? Anaijua kazi hiyo au ameipata kwa kujuana? Hayo hukuyauliza kwa sababu ulikuwa na hasira naye, na hasira ukitosheka nayo unaweka kalamu chini. Nilipokuwa nikiandika ushahidi niliona jambo hilohilo. Shahidi aliyekuja kumkomoa mwenzake alikuwa na maneno mengi ya sifa: katili, mwongo, mjeuri. Shahidi aliyekuja kusema alichokiona alitaja vitu ambavyo hakuna aliyemuuliza, kwa mfano kwamba mshtakiwa alipoingia alifuta viatu kwanza.

Nilijaribu kuuandika upya mwenyewe. Usinicheke:

"Bi Salha aliisoma ripoti akiwa amesimama. Kwenye ukurasa wa tatu alisita, akachukua penseli, akafuta tarakimu moja na kuandika nyingine juu yake. Hakusema kitu. Asha alikumbuka kwamba jumla ile aliifanya usiku, akisinzia. 'Ipeleke,' alisema Bi Salha, 'kabla hawajafunga.'"

Kalamu imetoka, "tuelewane" imetoka, na bosi wako ametoka nazo. Lakini huyu aliyebaki anatisha zaidi. Amemfichia Asha aibu, au amejiwekea akiba ya kumtolea siku nyingine? Asha hajui, na usiku huo hatalala. Penseli ile niliiokota kwa hakimu mmoja wa zamani sana. Kusoma kwa kusimama ni kwa shangazi yako. Ukichanganya watu watatu hivyo, kila mmoja wao anaweza kuisoma hadithi na asijikute.

Ila chonde, usije ukampa mtoto mgonjwa nyumbani ili tumhurumie. Naona waandishi wengi wakimchoka mtu wao mkali humwuguzia mtoto. Ni njia ya mkato, na msomaji anaijua.

Utaniambia kwamba shuleni mlifundishwa wahusika bapa, wa tabia moja tu, na wahusika duara, wenye pande nyingi, na kwamba hakuna ubaya Bi Salha akibaki bapa. Kweli, bapa si tusi. Shaaban Robert aliwapa watu wake majina yanayotangaza tabia, kama Utubora, na ukilisoma jina tu unajua unakutana na nani. Inafaa pale, kwa sababu hadithi zile zinatafuta mfano wa kuigwa au wa kukimbiwa. Yako haitafuti mfano. Yako ni ya watu wanane waliofungiana katika ofisi moja, na humo mkali asiye na sababu ni kama samani.

Kuna sentensi moja tu ambayo ningekukataza kabisa: ile ya talaka, kwamba Bi Salha aliachwa kwa barua iliyoletwa na dereva. Sijui umeitoa wapi na sitaki kujua. Lakini kama ni ya kweli, na kama alikuambia siku ile mliyobaki wawili mkifunga hesabu za mwaka, basi hiyo si yako. Anachokifanya mbele ya watu ni cha kila mwenye macho. Anavyoongea, anavyotembea, anavyowakatisha watu maneno, chukua. Alichokutolea mkiwa faragha alikutolea wewe, hakuwatolea wasomaji wako. Hata ukimbadilisha jina, kimo, kazi na nchi, siku akiisoma atajua mlango ulifunguliwa na nani. Hapo ndipo ungekuwa umemkosea, na wala si kwa kalamu na meno. Itoe. Hadithi haitaanguka, nimeisoma mara ya pili nikiiruka sentensi hiyo na sikuikosa.

Na usiende kumwomba ruhusa. Ukimaliza kumchanganya hakuna cha kumwombea, na kabla ya hapo utajichongea bure wakati kazi bado changa.

Kuhusu muda. Usiirudie kazi ya zamani. Huko ulikuwa na muda, lakini kumbuka uliandika nini: kurasa na kurasa za msichana dirishani akiitazama mvua. Bi Salha umempata hapa, na Asha, na yule mlinzi anayejua ndoa za watu wote, ambaye kwangu ndiye bora kuliko wote na umempa mistari sita tu. Shaaban Robert huyohuyo aliajiriwa ukarani wa forodha mwaka 1926 na akaendelea na utumishi wa serikali kwa miaka mingi huku akiandika. Anthony Trollope, mwandishi wa riwaya, alikuwa mtu wa posta Uingereza, akianza kuandika saa kumi na moja na nusu alfajiri, saa ya mfukoni iko mbele yake, akijidai maneno 250 kila robo saa, kisha anakwenda kazini. Wewe huna haja ya ukali huo. Kwanza asubuhi hukuwahi kuwa mtu wa kuamka. Acha kuandika usiku ukiwa umechoka, halafu unailaumu ajira. Una Jumamosi. Asubuhi yake moja, simu ikiwa chumba kingine, inatosha kwa sasa.

Jingine la kikarani: usiandike hadithi kwenye kompyuta ya ofisi, hata wakati wa mapumziko. Watu wa mitambo wanaweza kuona kilichomo, na Bi Salha mwenye kalamu bado yumo katika rasimu ya kwanza. Uisome pia mikataba yako kwa utulivu, kile kifungu cha kazi za nje na cha nani anamiliki unachokibuni. Vingi ni vya kawaida, lakini nisingependa ukikute siku unayotaka kuchapisha.

Ukishaandika upya nitumie, mlinzi akiwa na zaidi ya mistari sita.

Mama yako naye ameisoma. Anataka kujua yule mama wa ukurasa wa tano, anayeficha funguo halafu anawasaidia watu wote kuzitafuta, umemtoa wapi. Nimemwambia ni mhusika wa kubuni. Hakuridhika, na amesema atakupigia Jumapili, kwa hiyo jiandae.

Ni mimi,
Baba yako