Siku za kuumwa si likizo

Swali: Shikamoo mama. Mimi ni mpishi katika hoteli hapa Arusha, nimeajiriwa tangu tarehe 1 Machi 2023. Agosti 2025 nilifanyiwa operesheni ya kidole tumbo na daktari akaniandikia ED, ile karatasi ya kupumzika kazi kwa ugonjwa, ya siku 21. Niliporudi kazini nikaomba likizo yangu ya mwaka niende Singida kwa mama. Meneja akasema likizo nimeshaila nikiwa nimelala, nimebakiwa na siku saba tu. Nikibisha naogopa kibarua kitaota nyasi. Je, anachosema ni kweli?
*Mpishi, Arusha*

Jibu: Marahaba mwanangu, na pole kwa kupasuliwa. Si kweli. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamkataza mwajiri kumtaka mfanyakazi atumie likizo ya mwaka mahali pa likizo nyingine anayostahili. Inamkataza hata kumruhusu. Kwa hiyo hata kama ungekubali mwenyewe kwa hofu, meneja hakupaswa kuupokea ukubali wako.

Likizo ya mwaka ni siku 28 mfululizo, sikukuu zikihesabiwa humo humo, na mshahara wake unalipwa kabla hujaondoka. Likizo ya ugonjwa ina fungu lake: siku 126 ndani ya miezi 36 ya kazi, 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Kama hukuwa umeugua kabla ya hapo, wewe umetumia 21 tu. Zimebaki 42 za mshahara kamili na zile 63 za nusu, hadi mzunguko wako wa miezi 36 ufungwe mwisho wa Februari 2026. Na siku zako 28 za likizo ziko palepale, hakuna hata moja iliyoguswa.

Jambo moja meneja analo haki nalo: kupanga lini uende. Anaweza kukwambia usubiri wageni wapungue hotelini. Lakini asivuke miezi sita baada ya mwaka wako wa likizo kuisha, au miezi 12 kama wewe umekubali na kazi kweli inadai hivyo. Kupanga ni kwake, kufuta hapana.

Nakuandikia haya kwa uchungu, mwanangu. Mwaka 2009 nilikuwa karani wa utumishi katika kiwanda kimoja cha nguo Morogoro. Mama mmoja wa kitengo cha kusokota nyuzi aliangushwa na bodaboda, akavunjika mguu, akarudi na ED ya wiki nne. Bosi akaniambia, "Andika likizo." Nikaandika. Desemba yule mama akaja dirishani kwangu kuomba ruhusa ya kwenda Mahenge, kuwaona watoto aliowaacha kwa bibi yao. Nikafungua jalada nikamwonyesha mwandiko wangu: siku 28, zimekwisha. Hakubisha. Alisema tu, "Basi dada, nitawapigia simu." Sheria ilikuwepo tayari, mimi ndiye sikuwa nimeisoma. Kila nikipata barua kama yako namwona yeye pale dirishani.

Sasa fanya hivi. Itafute ile ED, na kama uliikabidhi bila kubaki na nakala, rudi hospitali ukaombe nyingine. Hiyo karatasi ndiyo kila kitu, kwa sababu mfanyakazi asipoleta cheti cha daktari mwajiri halazimiki kumlipa siku za ugonjwa. Andika barua fupi ya heshima kuomba likizo yako ya siku 28, ukitaja kuwa zile 21 zilikuwa za ugonjwa. Toa nakala mbili, moja isainiwe na anayeipokea, ubaki nayo. Maneno ya mdomoni kwenye korido hayana shahidi.

Wakikataa, nenda kwa Afisa Kazi wa mkoa au ofisi ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Utajaza fomu namba 1, nakala umpelekee mwajiri kwanza, kisha urudishe fomu pamoja na uthibitisho kwamba ameipata. Kwa madai ya namna yako una siku 60 tangu mgogoro ulipotokea, basi usikae nayo. Na wakikufukuza kwa sababu umedai, muda ni mfupi zaidi: siku 30.

Swali: Dada, nafanya kazi za ndani Mbezi, miezi minane sasa, siku sita kwa wiki. Mama mwenye nyumba anasema likizo ni ya watu wa ofisini. Nataka kuacha kazi nirudi nyumbani. Nina chochote?
*Msomaji, Dar es Salaam*

Jibu: Unacho, mdogo wangu. Sheria hii ya Bara inawaacha nje wanajeshi, polisi, magereza na Jeshi la Kujenga Taifa. Jikoni kwa mtu hakumo kwenye orodha hiyo. (Zanzibar wana sheria yao, ya mwaka 2005.) Ukishapita miezi sita kazini, likizo yenye malipo ni yako, hata kama mlipatana kwa mdomo tu.

Ukiondoka kabla hujaichukua, unalipwa mshahara wa siku moja kwa kila siku 13 ulizofanya kazi. Miezi minane kwa siku sita za wiki ni kama siku 208, kwa hiyo ni malipo ya siku 16. Tuseme mshahara wako ni shilingi 130,000 kwa mwezi: gawa kwa 26 upate 5,000 kwa siku. Hapo kuna shilingi 80,000 zako, mbali na mshahara wa mwezi. Toa notisi kwa maandishi kabla ya kuondoka, na hesabu hii iandike kwenye karatasi hiyohiyo.